Hifadhidata Iliyozoea Kukaa Peke Yake

"Kaka, bidhaa zote hazipo."

Ndivyo nilivyopokelewa kazini siku ya tatu baada ya kuihamishia hifadhidata yetu kwenye seva. Dada wa ghala hakupiga kelele, alinigeuzia tu skrini nijionee. Dirisha la programu lilifunguka vizuri, vitufe vyote vilikuwa mahali pake, ila orodha ya bidhaa ilikuwa tupu kama ya programu iliyosakinishwa leo. Jasho jembamba likanitoka. Jana yake jioni mle ndani mlikuwa na maelfu ya rekodi.

Hazikuwa zimefutika. Usiku umeme ulikatika na kurudi, seva ikajiwasha yenyewe, na skripti ya kuwashia ikaianzisha Derby, yaani programu ya hifadhidata yetu, ikiwa imesimama kwenye folda tofauti na ile niliyokuwa nimesimama mimi nilipoiwasha kwa mkono. Derby isipoambiwa makao yake kupitia mpangilio wa derby.system.home, huichukulia folda iliyowashiwa kuwa ndiyo nyumbani. Tena anwani ya muunganisho kwenye programu zetu zote ilikuwa inaishia na create=true, maneno niliyoyanakili kutoka kwenye mfano wa kwanza kabisa niliowahi kuusoma. Maana yake: kama hifadhidata haipo, itengeneze. Derby haikuiona pale, ikatengeneza mpya. Programu nayo ilikuwa imefundishwa kujenga majedwali ikiyakosa, ikayajenga. Kila kipande kilitimiza wajibu wake barabara, na ghala zima likabaki halina hata msumari.

Data ya zamani niliikuta imetulia kwenye folda yake. Nilizima seva, nikaandika derby.system.home kwa njia kamili ya folda, nikaondoa create=true kwenye kila mashine, nikawasha tena. Mapokezi 11 yaliyokuwa yameshaingizwa asubuhi ile kwenye hifadhidata tupu yaliandikwa upya kwa mkono, na aliyeyaandika hakunisemesha mpaka jioni. Tangu hapo create=true nikawa naitumia mara moja tu katika maisha ya hifadhidata, tena mimi mwenyewe, ndani ya ij, dirisha la Derby la kuandikia amri.

Niseme kidogo hii Derby ni kitu gani, maana wengi wameitumia bila kulijua jina lake. Ni hifadhidata iliyoandikwa kwa Java yenyewe, haihitaji kitu kingine. Ilizaliwa katika kampuni ya Cloudscape huko Oakland, Marekani, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1997. Informix wakainunua kampuni hiyo mwaka 1999, IBM wakaja kununua biashara ya hifadhidata ya Informix mwaka 2001, na mwaka 2004 IBM wakaukabidhi msimbo wake kwa Apache, shirika la programu huria. Ndipo Sun, wenye Java wakati huo, wakaanza kuipachika ndani ya kifurushi cha watengenezaji programu cha Java 6 kwa jina la Java DB, na kwa mlango huo ikaingia kwenye kompyuta za watu ambao hawakuwahi kuiomba. Mimi ni mmoja wao. Niliikuta kwenye folda iitwayo db, nikaona haina cha kusakinisha, nikaijengea programu ya ghala.

Katika hali yake ya asili Derby huishi ndani ya programu. Inaamka nayo, inalala nayo. Hakuna nywila, hakuna poti (mlango wa mtandao), hakuna msimamizi. Kwa miaka miwili sikuwahi kuifikiria hata mara moja, na sijui kama kuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa hifadhidata. Kisha watu wa mauzo wakataka kuiona hesabu ya ghala kutoka kwenye kompyuta zao, uhasibu nao wakataka, na hapo ndipo nilipoanza kugundua kwamba karibu kila mpangilio wa awali wa Derby uliwekwa kwa ajili ya mkazi mmoja anayejiamini. Ukimleta wa pili na wa tatu, mipangilio ile haibadiliki yenyewe.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kizembe: niliiweka folda ya hifadhidata kwenye diski ya pamoja ya mtandao, nikadhani kila programu itaifungua kwa zamu. Ya kwanza ikafungua, ya pili ikakataliwa kwa kosa XSDB6, kwamba huenda kuna Derby nyingine imeshaiwasha hifadhidata hii. Ndani ya folda mna faili dogo la db.lck linalofanya kazi ya kitasa. Kijana mmoja wa kitengo chetu akapendekeza tulifute tu, "mbona ni faili dogo, bro?" Namshukuru Mungu sikumsikiliza. Mashine pepe mbili za Java zikiiandikia folda moja kwa wakati mmoja, kila moja ikiamini iko peke yake, zinaharibu kurasa, yaani vipande vya data kwenye diski, kwa namna ambayo hakuna amri ya kuzirudisha. Watu hulifuta kufuli hilo, wanafanikiwa kuingia, wanafurahi, na uharibifu wanakuja kuuona wiki mbili baadaye ripoti inapogonga ukurasa uliovurugika. La kuvunda halina ubani. Diski ya mtandao nayo niliiacha kabisa. Derby inataka ikiambiwa kwamba maandishi yamefika kwenye diski, yawe yamefika kweli, na diski za mbali si mara zote zinasema ukweli kwenye hilo.

Njia halali ni kuiwasha Derby kama seva, programu zote ziongee nayo kwa mtandao kwenye poti 1527. Amri yenyewe ni fupi, java -jar derbyrun.jar server start, na ikawaka mara moja. Kwenye seva yenyewe iliitika. Kutoka mashine nyingine yoyote, muunganisho ulikataliwa. Nilipoteza nusu siku nikigombana na ngome ya moto ya mtandao kabla ya kusoma mstari mmoja kwenye mwongozo: kwa kawaida seva hiyo inasikiliza localhost peke yake, yaani inaongea na mashine iliyomo na si nyingine. Unaongeza -h 0.0.0.0, au anwani halisi ya seva, na milango inafunguka.

Inafunguka kweli. Hiyo localhost, nilikuja kuelewa baadaye, ilikuwa ndiyo ulinzi pekee uliokuwepo. Derby kwa mipangilio ya awali haimuulizi mtu nywila. Unaweza kuandika jina lolote na nywila yoyote, ikakupokea. Nilikuwa nimeifungulia ofisi nzima hifadhidata isiyo na mlinzi, na nikaiacha hivyo kwa miezi kadhaa kwa kisingizio kwamba "humu ndani tunajuana."

Aliyenitoa kwenye usingizi huo hakuwa mwizi. Kila siku jioni, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, programu zote zilikatika kwa pamoja. Watu wanapigwa na kosa la muunganisho, wanafunga, wanafungua, kazi inaendelea. Nilipokwenda kuangalia derby.log sikukuta chochote cha jana. Derby huliandika upya faili hilo kila inapowaka, na mimi kila ikikatika nilikuwa nawahi kuwasha upya seva nzima, nikiufuta ushahidi kwa mikono yangu. Nikaweka derby.infolog.append=true ili logi iendelee pale ilipoishia, nikaweka na derby.drda.logConnections=true ili kila anayeingia aandikwe. Siku iliyofuata sikugusa kitu. Ilipofika saa kumi na moja na nusu hifadhidata ikakatika, na kwenye logi ukawepo mstari unaosema kwamba imezimwa. Haikuanguka. Ilizimwa kistaarabu na mtu mwenye muunganisho halali.

Alikuwa yule yule kijana wa db.lck. Alikuwa ameandika kidirisha cha ripoti kwa kunakili msimbo wa zamani wa programu ya ghala, ule wa enzi za mkazi mmoja, ambao ukifunga dirisha unaiaga hifadhidata kwa shutdown=true. Ndani ya programu moja huo ni ustaarabu kabisa, ndivyo inavyotakiwa. Kupitia mtandao, akimaliza kazi na kufunga dirisha lake aende nyumbani, anawazimia wote. Na Derby inakubali, maana haina sababu ya kukataa: haimjui yeye ni nani, kwa hiyo haijui kwamba hana mamlaka hayo. Anayefuata kuunganisha anaiamsha tena bila kujua, ndiyo maana tatizo lilionekana kama linajiponya.

Basi nikaweka nywila. Njia ninayoipendekeza kwa yeyote mwenye toleo la 10.9 na kuendelea ni ile inayoitwa NATIVE, ambayo inahifadhi watumiaji na nywila zao ndani ya hifadhidata yenyewe. Ile ya zamani ya BUILTIN ni ya kujaribia tu. Ila NATIVE ina ngazi ambazo ukizikosea mguu unateguka. Mtumiaji wa kwanza unayemsajili kwa SYSCS_UTIL.SYSCS_CREATE_USER lazima awe mmiliki wa hifadhidata, na hifadhidata iliyotengenezwa bila jina la mtumiaji, kama yangu, mmiliki wake anaitwa APP. Nilijaribu kujisajili mimi kwa jina langu, ikakataa, nikaona inanionea. Ukishamsajili mmiliki na kuwasha upya, hakuna kurudi nyuma: ukaguzi wa nywila umewaka na ruhusa za SQL zimewaka pamoja nao, moja kwa moja. Faida yake ni kwamba kuanzia hapo ni mmiliki peke yake anayeweza kuizima hifadhidata. Kukatika kwa jioni kulikoma siku hiyo hiyo.

Kukaja kingine. Watu waliingia kwa majina yao wakashindwa kulisoma jedwali BIDHAA, kana kwamba halipo. Safari hii sikutoka jasho, nilijua data ipo. Derby inampa kila mtumiaji skima (fungu la majedwali) yenye jina lake kuwa ndiyo ya kuanzia, hata kama skima hiyo haijawahi kutengenezwa. Majedwali yetu yote yalikuwa APP kwa sababu enzi zile hakuna aliyekuwa na jina. Dawa ni kuandika APP.BIDHAA kila mahali au kuanza kila muunganisho kwa SET SCHEMA APP. Tulichagua ya pili kwa uvivu, na sijaijutia. Kisha zikafuata ruhusa zenyewe: nani asome, nani aandike. Nilitengeneza majukumu, yaani makundi ya ruhusa: jukumu la mauzo na jukumu la uhasibu, nikagawa ruhusa kwa majukumu, nikagawa majukumu kwa watu, nikaona nimefanya usanifu wa kupigiwa mfano. Hakuna aliyeweza kusoma hata mstari mmoja. Kumbe kwenye Derby kupewa jukumu hakutoshi. Mtumiaji akiingia huwa hana jukumu lolote hadi aite SET ROLE ndani ya kikao chake. Mstari mwingine ukaongezwa kwenye mwanzo wa kila muunganisho.

Halafu kukawa na utulivu. Utulivu wa mwezi mmoja kamili, na nasema kamili kwa sababu nilikuja kuuhesabu. Asubuhi moja hakuna mtu hata mmoja aliyeweza kuingia. Si mauzo, si uhasibu, si ghala. Nywila zao hazikuwa zimebadilishwa, seva ilikuwa hai, poti inaitika. Nikaingia kama APP, nikapokelewa. Nilikaa mbele ya skrini dakika nyingi kabla ya kukumbuka tarehe niliyowasajili: siku 31 nyuma, wote mchana mmoja. Nywila za NATIVE zina umri, na mpangilio wa awali ni milisekunde 2,678,400,000, ambazo ukizigawanya unapata siku 31. Mmiliki hafungiwi, ila wengine wote wanafungiwa. Derby kwa haki yake ilikuwa imeonya. Inapobaki sehemu ya nane ya umri huo, takriban siku nne, kila anayeingia hupewa onyo. Lakini onyo la JDBC, njia ambayo programu za Java huongea na hifadhidata, halirushwi kama kosa, linaning'inizwa kwenye muunganisho likisubiri programu iliulize, na mimi sikuwahi kuandika programu inayouliza. Siku nne nzima seva iliwaonya watu wote, na hakuna aliyesikia. Nikawarejeshea nywila mmoja mmoja kwa SYSCS_RESET_PASSWORD, nikaweka derby.authentication.native.passwordLifetimeMillis kuwa 0 ili zisife tena. Mtu wa usalama atanuna akisoma hapa. Anune. Nywila inayokufa kimya bila mtumiaji kuwa na kidirisha cha kuibadilishia ni mtego, wala haimlindi mtu. Baadaye nilipotengeneza kidirisha hicho nilirudisha umri wa siku 90.

Nimefika kwenye kufuli, yaani Derby inapomshikia mtu mstari ili mwingine asiuguse kwa wakati huo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndizo zilizonizeesha.

Malalamiko yalikuja katika sura moja: "inaganda." Mtu anabonyeza kuhifadhi, anasubiri, baada ya dakika moja hivi anaambiwa kosa 40XL1. Dakika moja ile si bahati. Derby husubiri kufuli kwa sekunde 60 kabla ya kukata tamaa, na kama ni watu wawili wanaosubiriana kila mmoja ameshika anachotaka mwenzake, huanza kuchunguza baada ya sekunde 20, kisha humchagua mmoja wa kumtoa kafara kwa kosa 40001. Nilianza kama wanavyoanza wengi, kwa kuwasha upya seva kila inapoganda. Inafanya kazi, kwa sababu muamala (kundi la mabadiliko yanayohifadhiwa kwa pamoja) uliokuwa umeshikilia unakufa. Lakini hujui alikuwa nani, na kesho atarudi.

Kilichonisaidia ni jedwali la uchunguzi ambalo Derby hulitoa lenyewe, SYSCS_DIAG.LOCK_TABLE. Ukilisoma wakati watu wameganda unaona kila kufuli, iko jedwali gani, mstari gani, imeshikwa au inasubiriwa, na namba ya muamala ulioishika. Namba hiyo ukaipeleke SYSCS_DIAG.TRANSACTION_TABLE, ikupe jina la mtumiaji, na mara nyingi na amri ya mwisho aliyoitoa. Ona jinsi nywila zilivyolipa hapa: zamani kila mtu alikuwa APP, ningekuwa najua tu kwamba APP anamzuia APP.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo jina lililotoka lilikuwa langu. Nilikuwa nimefungua ij asubuhi, nikazima autocommit, inayothibitisha kila badiliko papo hapo, ili nisahihishe rekodi moja kwa uangalifu, nikasahihisha, kisha nikaitwa kwenye kikao. Sahihisho langu lilikaa saa moja na nusu bila kuthibitishwa, likiwa limeshika mstari wa bidhaa inayouzwa kuliko zote. Nilirudi, nikaandika commit, nikanyamaza. Nimekiri leo.

Na ujue kwamba Derby haina amri ya kumfukuza mtumiaji mmoja. Hifadhidata kubwa zinakupa namna ya kukikata kikao cha mtu. Hapa unamwendea mwenye nacho na kumwomba afunge, au unawasha upya kwa wote. Kwa ofisi ya watu wachache kutembea hadi mezani kwake ni utaratibu mzuri tu. Kwa ofisi kubwa hiyo peke yake ni sababu ya kutafuta hifadhidata nyingine.

Mgando wa mwisho wa mwezi ulikuwa tofauti. Hapo hakuna aliyesahau kitu. Uhasibu waliendesha kazi moja ya kufunga hesabu iliyogusa mistari mingi kwa muamala mmoja, na ikishaanza, hakuna mwingine anayeweza kuandika popote kwenye jedwali lile, hata kwenye mistari isiyohusika. Kwa kawaida Derby hufunga mstari kwa mstari, lakini muamala ukishashika zaidi ya kufuli 5,000 kwenye jedwali moja, inachoka kuzihesabu, inajaribu kuzibadilisha zote kwa kufuli moja ya jedwali zima. Kiwango hicho kinaitwa derby.locks.escalationThreshold na unaweza kukipandisha. Nilikipandisha, kumbukumbu ikaelemewa, nikakirudisha. Kilichotibu ni kuikata kazi ile vipande vya mistari elfu moja moja, kila kipande na commit yake. Mhasibu aliuliza ikikatika katikati itakuwaje. Swali lake lilikuwa zuri kuliko suluhisho langu, ikabidi niongeze safu ya kuonyesha mistari iliyokwisha kufungwa ili kazi ijue pa kuendelea.

Sababu nyingine ya migando ilikuwa faharisi (orodha ya kutafutia mistari haraka) iliyokosekana, na hii nisingeiotea. Ukisema badilisha mstari ambao namba yake ya stakabadhi ni fulani, na safu hiyo haina faharisi, Derby inapitia jedwali zima, na kila mstari inaoukagua inataka kwanza kuushikia kufuli. Ikikuta mmoja umeshikwa na mtu mwingine, inasubiri hapo, ingawa mstari huo hauhusiani kabisa na unaoutafuta. Faharisi mbili ndogo ziliondoa migando mingi kuliko mipangilio yote niliyowahi kuichezea.

Kasi kwa ujumla ilitaka jambo moja tu. Kache ya kurasa ya Derby, yaani sehemu ya kumbukumbu inakoweka data inayotumika, kwa mpangilio wa awali ni kurasa 1,000, na ukurasa wa kawaida ni baiti 4,096, kwa hiyo seva yenye gigabaiti kadhaa za kumbukumbu ilikuwa inatumia takriban megabaiti nne kwa data ya ofisi nzima. Nikaweka derby.storage.pageCacheSize=20000, nikaipa Java kumbukumbu ya kutosha kwa -Xmx, wakaacha kulalamika. Utashawishika pia kuweka derby.system.durability=test, kwa kuwa inaongeza kasi ajabu. Inaongeza kwa kuacha kuhakikisha kwamba maandishi yamefika kwenye diski. Jina lake limeshakwambia ni ya majaribio.

Januari 2014 seva ilikataa kuwaka kabisa baada ya sasisho la Java 7u51, ikisema haina ruhusa ya kusikiliza poti 1527. Sasisho hilo lilikuwa limebana ruhusa za soketi, yaani za programu kufungua poti, na sera ya usalama inayokuja na Derby haikuitaja poti hiyo. Njia ya mkato iliyosambaa ni -noSecurityManager. Mimi niliongeza ruhusa ya poti hiyo moja kwenye faili la sera nikaendelea, na kuanzia hapo sasisho lolote la Java likawa linapita kwanza kwenye mashine ya majaribio.

Kuhusu bakapu nina aibu kubwa zaidi. Kwa muda mrefu nilikuwa nanakili folda nzima kila usiku huku seva ikiendelea kukimbia. Faili zilikuwepo, ukubwa ulilingana, moyo ulitulia. Siku niliyojaribu kuifungua nakala mojawapo kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu ya udadisi tu, ilikataa kuwaka. Nikajaribu ya usiku mwingine, ikawaka lakini majedwali mawili yakawa hayasomeki. Kurasa zilizoko kwenye seg0 na kumbukumbu za miamala zilizoko kwenye folda ya log lazima ziwe za wakati mmoja. Ukinakili moja baada ya nyingine huku watu wanaandika, unapata vipande vya saa mbili tofauti. Sikuwa na bakapu hata moja ya kuaminika kwa miezi yote ile, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi, kuanzia usiku huo.

Tangu hapo nikawa natumia SYSCS_UTIL.SYSCS_BACKUP_DATABASE, ambayo Derby yenyewe inapanga unakili huku watu wakiendelea na kazi. Angalia tu kwamba njia ya folda unayoiandika inasomwa na seva, si na kompyuta uliyokalia. Nilishawahi kuitafuta bakapu yangu kwenye mashine isiyo yenyewe. Kila wiki nakala moja ilifunguliwa kwa restoreFrom kwenye mashine ya pembeni, na kaskripti kangu ka kienyeji kanakoita SYSCS_UTIL.SYSCS_CHECK_TABLE, amri ya kukagua uzima wa jedwali, kakapita kila jedwali. Niliwahi pia kuwasha hali ya kuhifadhi kumbukumbu zote za miamala ili niweze kurejesha hadi dakika ya mwisho. Inafaa, ila inaacha kila faili la log mahali pake milele usipoiambia ifute ya zamani unapochukua bakapu mpya. Diski ilijaa Jumapili.

Kuna na hili la kuzima. Ukiizima hifadhidata ya Derby ipasavyo, inakujibu kwa kosa: 08006, hifadhidata imezimwa. Mafanikio yanarudi yakiwa yamevaa nguo za kosa. Mwanzoni liliniogopesha, nikaona afadhali kuiua seva kwa amri ya kill, na kwa kuwa kumbukumbu za miamala huirejesha data ikiwaka tena, sikuona hasara. Hasara iliiona uhasibu baada ya kupanda hadi toleo la 10.11. Namba za ankara, ambazo niliziacha zitungwe na Derby, ziliruka kutoka 2,417 hadi 2,501. "Ankara 83 ziko wapi, kaka?" Toleo hilo huchukua namba mia moja mapema na kuziweka kwenye kumbukumbu, ukizima kwa amri inazirudisha ambazo hazijatumika, ukiiua zinapotea. Niliandika barua ya maelezo kurasa mbili kwa mkaguzi, na namba za ankara nikazihamishia kwenye jedwali la kuhesabia ninalolidhibiti mwenyewe.

Java 9 ilipotoka mwaka 2017 haikuwa na folda ile ya db tena, ikabidi Derby tuipakue wenyewe kutoka Apache, jambo ambalo halikuwa gumu. Mwaka 2025 waendelezaji wake walipiga kura kuufunga mradi: msimbo unabaki wa kusoma tu, hakuna marekebisho mapya. Hifadhidata iliyo wazi kwa mtandao na isiyopata tena viraka vya usalama siwezi kuitetea mbele ya mtu, hata niipende vipi. Tulihama. Dblook ilinitolea muundo wa majedwali, SYSCS_EXPORT_TABLE ikanitolea data, na siku ya Jumamosi, watu wote wakiwa wametoka, nikakaa mbele ya ij kwa mara ya mwisho.

Niliangalia LOCK_TABLE, hakuna aliyeshika kitu. Nikachukua bakapu. Nikaandika connect, anwani, jina la APP, na shutdown=true mwishoni, maneno yale yale ya kijana wetu. Skrini ikaleta kosa 08006. Nikazima na seva, nikaenda kufunga madirisha ya ofisi.